Kicheko cha Kwenye Spika

Soko la Mpanda siku ya Jumamosi halina adabu hata kidogo. Unakanyagwa, unasukumwa, spika zinakupigia kelele masikioni, na bado muuza dagaa anataka umsikilize yeye tu. Hapo ndipo Aurélie alipokuwa amesimama, kitenge cha njano kimemkaa vizuri kiunoni, anabishania fungu.

"Eka, hapana baba, hili umelipunguza! Juzi lilikuwa kubwa. Niongezee hata kiganja kimoja."

Nyuma yake mtu akasema, "Dada, hebu sema tena."

Akageuka amekunja uso. Kijana mrefu, shati la drafti, hedifoni shingoni, anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Niseme nini? Unanicheka?"

"Sikucheki, haki ya Mungu. Nimependa tu unavyoongea, maneno yanapanda, yanashuka. Kwenu wapi?"

"Gitega, Burundi. Na wewe kwenu wapi, mtu usiye na kazi?"

"Kakese. Na kazi ninayo. Naitwa Deogratias, niite Deo. Hizi spika zote unazosikia hapa, matangazo yake nimerekodi mimi."

"Kumbe wewe ndiye unayetuumiza masikio!"

Muuza dagaa alicheka, na kiganja akaongeza.

Basi mapenzi yakaanza hivyo. Jioni Deo alipaki pikipiki mbele ya chumba cha Aurélie pale Makanyagio, na asubuhi kabla jogoo hajamaliza kuwika simu ilikuwa inaita.

"Umeamkaje, malkia wa Gitega?"

"Nimeamka na njaa. Malkia gani hana hata sukari ya chai?"

"Fungua mlango basi, sukari iko nje."

Malkia mwenyewe alikuwa mhudumu wa mgahawa, lakini moyo wake haukuwa pale. Kwao alisomea dawa. Ndani ya sanduku alikuwa na koti jeupe alilolinyoosha vizuri, akisubiri siku atakayosimama nalo nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Alivuka mpaka kwa ajili ya hilo, na alimwambia Deo hivyo hivyo, bila kuficha.

Siku moja Deo akamwomba msaada. Kuna mteja anauza dawa ya kunguni, amechoka na sauti zile zile. Aurélie akaingia studio, chumba kidogo kilichopigwa trei za mayai ukutani, akashika maiki.

"Kunguni, panya, mende, viroboto! Lala usingizi, mama, dawa imefika!"

Kabla hajapumua, Deo akainama na kusema, "Ndagukunda." Wiki nzima alikuwa akifundishwa neno hilo na Warundi wa Katumba, na bado alilitamka vibaya, utadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Aurélie akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Umesema nini wewe?"

"Nimesema nakupenda!"

"Hicho si Kirundi, mpenzi, hicho ni kikohozi!"

Deo akalikata lile neno lake kwenye rekodi, kicheko akakiacha. "Hiki sikitupi," akasema. "Kitamu mno."

Jamani, dawa ile iliuzwa! Kila mchuuzi akaitaka sauti ya Mrundi anayecheka. Ikanakiliwa simu kwa simu, kadi kwa kadi, na mvua zilipokatika kila baiskeli yenye spika ilikuwa nayo, kuanzia Makanyagio hadi Kabungu. Watoto wakaiigiza njiani. Mgahawani watu walijaa, wanaagiza chai ili wamsikie tu akiuliza, "Na chapati?" Wakambatiza jina la Mama Kunguni. Mwanzoni alicheka pamoja nao, na Deo akatamba kijiweni kwamba yule ni wake.

Kisha Mama Verdiana, mwenye duka la dawa, akamchukua kwa majaribio. Aurélie akavaa koti lake, akajitazama kwenye kioo hadi akaona aibu. Asubuhi ile ile akaja mama mmoja kutoka Kabungu, mtoto mgongoni anachemka homa.

"Mpe hii asubuhi na jioni, mama, akishakula."

Yule mama akainua macho. "Wewe si yule wa kunguni?"

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mama yule hakucheka. Aliisukuma dawa ikarudi kaunta, akamkaza mtoto mgongoni. "Mwanangu simpi dawa ya huyu," akasema, akatoka.

Na wengine wakafuata mtindo huo huo. Wiki haikuisha Mama Verdiana akamwita pembeni. "Mwanangu, kazi unaijua, sikufichi. Lakini ukifungua mdomo, watu wanasikia sumu ya panya. Mimi nina duka, nifanyeje?"

Aurélie alikwenda moja kwa moja studio, koti mkononi.

"Uliniambia unapenda ninavyoongea."

"Napenda, mpenzi, hadi leo."

"Ulipenda ukauza! Nikiongea tu, watu wanacheka. Nitapata wapi kazi mimi? Izime, Deo."

"Aurélie, imeshasambaa..."

"Nimesema izime!"

Kesho yake alipita sokoni. Kunguni, panya, mende, viroboto. Kicheko chake mwenyewe kikampokea kutoka kila kona. Akaona Deo hakujisumbua hata kuinua mguu. Akafunga sanduku, akapanda treni ya Tabora bila kuaga.

Huko aliingia duka la dawa la kwanza kuomba kazi. Aliposalimia tu, muuzaji akatabasamu na kumwita mwenzake aje asikie. Aurélie hakumaliza sentensi. Sasa anaosha masufuria nyuma ya hoteli, mahali ambapo hakuna anayehitaji aongee, na koti jeupe limebaki sandukuni.

Siku moja simu ikaita, ni Deo.

"Usikate, nakuomba. Nilizunguka soko zima nikiwaomba wafute. Kakese nilikwenda, Kabungu nilikwenda. Mmoja anafuta, kesho anaichukua kwa mwenzake. Nilirudi nikuambie, nikakuta chumba kitupu."

Aurélie alimwamini. Hasira ikamtoka yote, na hapo ndipo alipoumia zaidi, maana alibaki hana wa kumlaumu.

"Rudi nikuoe. Mama nimeshamwambia."

"Nirudi nikafanye kazi gani, Deo? Kwa mdomo gani?"

Nyuma ya Deo spika ikaanza. Lala usingizi, mama, dawa imefika! Kikafuata kile kicheko, kirefu, cha mtu mwenye raha zake. Wote wawili wakasubiri kiishe.

"Ndagukunda," Deo akasema.

Safari hii lilitoka sawasawa kabisa, kama la mtu aliyezaliwa Gitega. Aurélie hakucheka.

"Umejifunza," akamwambia taratibu, akakata simu, akarudi kwenye masufuria.