Njiani Tu

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu Mutie, graduate kama mimi, yaani jobless mwenye suruali iliyopigwa pasi. Pembeni mwa Mwingi kuna kamtaa kanaitwa Hillview, ingawa hill yenyewe hakuna. Zamani paliitwa Kwa Nzilani, kwa jina la ajuza aliyejenga hapo wa kwanza na kuwapa wapita njia maji ya mtungi. Hata Mutie aliyanywa akitoka shule, akimwita susu, nyanya.

Mwaka wa themanini na nane kamati ya ploti ikamuuliza msomi wetu, Nzilani ni nani? Walikuwa wamemwahidi kazi ya clerk. Akajibu, "Si mtu. Kwa Kikamba ni njiani tu."

Basi ploti ikaandikwa haina mwenyewe, susu akafukuzwa, akafa kabla ya mvua. Kazi akapewa mpwa wa chairman. Mutie akawa hapiti hapo bila kuinamisha kichwa.

Jioni moja mkewe, Ndinda, akamwambia, "Professor, taa imekauka. Ama tuwashe degree yako?"

Akaenda dukani, akapimiwa mafuta ya taa, harufu ikamshika mikono. Akirudi gizani, karibu na kibao cha Hillview, akasikia maji yakimiminwa polepole kwenye kibuyu.

"Wakya?" sauti ya kizee ikamsalimu.

"Aa," akaitika, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Uko wapi, susu?"

"Nzilani."

Hakuona mtu. Akakimbia mpaka nyumbani, chupa kwapani. Ndinda akajaza taa, akawasha kiberiti. Utambi ukakataa. Akachovya kidole, akaonja.

"Mutie, haya ni maji," akasema. "Na ni baridi, kama ya mtungi."