Kisogo cha Bi Kinyaa

"Kaka, unafanya nini na kisogo changu?"

Msusi aligeuka ghafla, foleni nzima ya supamaketi ikageuka naye. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, miwani inang'aa, shati la buluu limekosa kifungo kimoja, simu mkononi na kamera wazi. Msusi alimtazama kama anavyotazamwa nzi ndani ya chai. Wenzake wa saluni walimwita Bi Kinyaa, na hawakumsingizia: kitana chenye unywele wa mtu mwingine kilitosha kumharibia chakula cha mchana. Sembuse mwanamume anayepiga picha shingo za watu!

"Samahani, dada. Ni hiyo mistari. Nani kakusuka?"

"Mwenzangu, nikimwelekeza. Kwani wewe askari wa nywele?"

Kijana akacheka kwa aibu. Mchana alikuwa fundi miwani, akikata vioo. Jioni alitengeneza nywele za wahusika wa gemu za kompyuta.

"Kuna gemu moja ina mwanamke mpiganaji," alieleza. "Walioitengeneza wamembandika kichwani kitu kama dekio lililolowa. Nimelitazama dekio lile mpaka nikachoka. Sasa namsukia nywele za kweli, naziweka mtandaoni, anayecheza gemu anazichukua anambadilishia."

"Wanakulipa nini?"

"Hawanilipi."

"Hata soda?"

"Wananitukana nikichelewa."

Bi Kinyaa akasonya. "Wewe hamnazo." Lakini namba alimpa. Kucha za kijana zilikuwa safi kabisa, na kwake huo ulikuwa nusu ya uzuri wa mwanamume.

Simu zikaanza.

"Bi Kinyaa wangu, umekula?"

"Nitakulaje? Mteja kapiga chafya juu ya kikombe changu."

"Pole, mama. Nikuletee kikombe kipya?"

"Chako? Bora nife na kiu."

Alikuwa ameviona vikombe vya kijana. Mara ya kwanza alipomtembelea, akiwa na gauni la njano alilolipiga pasi mara mbili, alivikuta vimejipanga kando ya kompyuta, kimoja kimeota ukungu wa kijani. Aliziba pua kwa ncha ya mtandio. "Mpenzi, humu kuna kiumbe kinakua!" Hata hivyo aliketi dirishani, akafumua nywele, akamwonyesha kitu ambacho hata wenzake wa saluni hawakukijua: juu ya sikio la kushoto palikuwa na kovu lililopinda, mahali ambapo shangazi yake aliwahi kumuunguza kwa kitana cha moto. Siku zote alilifunika kwa msuko mmoja wa pembeni. Fundi miwani aligusa kovu lile kwa ncha ya kidole, taratibu, na Bi Kinyaa aliyechukia kuguswa akajikuta anatamani asikitoe.

Mambo yaliharibika saluni, katikati ya moshi wa nywele zinazopigwa pasi. Mwenzake alimsogezea simu huku akicheka. "Hebu tazama wanaume walivyo wachafu!" Kwenye kioo cha simu alikuwa yule mwanamke mpiganaji wa gemu, uchi wa mnyama, anazungushwa huku na huku. Chini yake wanaume wa kila pembe ya dunia walikuwa wamemwaga maneno ya kunata kama kamasi. Alipozungushwa upande wa kushoto, juu ya sikio, kovu lilikuwepo. Limepinda vilevile.

Bi Kinyaa alikimbilia sinki, akatapika.

"Umenivua nguo mbele ya walimwengu," alimwambia fundi miwani kwenye simu.

"Mwili ule sikuutengeneza mimi! Nywele niliziweka bure, mtu kazichukua kambandika mwanamke wake. Wallahi, mpenzi."

"Na kovu? Kovu alilichukua wapi?"

"Nililiweka mimi," alisema. "Nilikuwa nachora nilichokiona. Nilihisi nikiliacha nitakuwa nimelipua kazi."

"Kazi! Nilikuonyesha wewe, sikuionyesha kazi yako. Umenitia kinyaa, usinipigie tena."

Akakata. Usiku na mchana alihisi macho ya watu wasiojulikana yakitambaa juu ya sikio lake, akaliosha mpaka likawa jekundu.

Fundi miwani hakupiga. Alikuja mwenyewe mchana, shati lile lile bila kifungo, kompyuta kwapani, akasimama mlangoni mwa saluni.

"Nywele zako nimeziondoa zote mtandaoni," alisema. "Matusi ninayotukanwa huko hayasemeki. Zilizokwisha kuchukuliwa siwezi kuzirudisha, na sitakudanganya. Nilipaswa kukuuliza. Nimekukosea."

Bi Kinyaa alitaka kumfukuza. Lakini kompyuta ilikuwa imefunguliwa, na kichwani kwa mwanamke mpiganaji lilikuwa limerudi lile dekio.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

"Mungu wangu, ni baya! Mtu mzima kakaa akatengeneza hiki?" Akavuta kiti bila kujijua. "Futa. Anza hapa, paji la uso. Usivute mistari kama unapanga matofali, nywele zina mwelekeo. Hapana, rudia. Rudia, inatia kinyaa!"

Mteja wake alikohoa mara kadhaa, hakusikika. Mistari ilikuwa imefika kisogoni, imenyooka, ndipo fundi miwani alipouliza kwa upole:

"Wanakulipa nini, Bi Kinyaa?"

Mkono wake ukasimama hewani. Akamtazama, akajaribu kununa, cheko likamshinda.

"Na hapa juu ya sikio?" aliuliza kijana.

"Funika. Hilo wasilione. Hilo ni la nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, wewe." Alimkata jicho, lakini mkono wake ulikuwa umeushika wa kijana. "Ukishaviosha vile vikombe."