Wivu wa Seremala

Ugonjwa ulipoenea duniani kote, karakana nyingi zilifungwa. Seremala naye akabaki nyumbani. Alikuwa mtu asiyezoea kukaa bure. Asubuhi alirekebisha kiti, jioni alikirekebisha tena, na kiti chenyewe hakikuwa kimevunjika.

Mkewe alikuwa msusi. Naye hakuwa na wateja, maana watu waliogopa kusogeleana. Alikuwa na mimba kubwa. Ili kupunguza msongamano, kituo cha afya kiliwaita wajawazito kwa zamu. Kati ya zamu moja na nyingine, mkunga aliwapigia simu kuwajulia hali.

Siku moja msusi alikuwa uani akianika nguo. Simu yake ikaita mezani. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: "Mkunga." Seremala akapokea.

"Haloo dada, umeamkaje? Ile miguu imepungua kuvimba?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na tulivu. Seremala akakata simu. Damu ikamchemka.

"Huyu mkunga wako ana ndevu?" alimuuliza mkewe alipoingia.

"Ni mwanamume, ndiyo. Yule mama wa zamani alihamishwa."

"Na miguu yako anaijulia wapi?"

"Mume wangu, si ndiye anayeipima?"

Jibu hilo likawa petroli juu ya moto. Seremala akaizima simu, akaitia kwenye sanduku lake la vifaa, akalifunga kwa kufuli.

"Kituoni huendi tena. Ugonjwa umejaa kule. Mimi nakulinda."

"Hiyo simu ni yangu," alisema msusi.

Mumewe akatia ufunguo mfukoni. Moyoni seremala alijua kwamba hakuogopa ugonjwa. Aliogopa ile sauti.

Siku zilizofuata msusi alianza kuumwa kichwa. Alisema anaona ukungu machoni. Seremala akamwambia apumzike. Hata alipolala, mumewe alikaa pembeni akimtazama na kujiuliza anamwota nani.

Ndipo mhudumu wa afya wa mtaa akabisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, jirani yao, amevaa barakoa na kubeba mkoba wa vipimo.

"Shemeji, mkunga anapiga simu, haipatikani. Amenituma nimwone dada."

"Amelala. Na si ninyi mliosema tusikaribiane?"

"Tulisema watu wasisongamane. Hatukusema wajawazito wafungiwe ndani. Kituo kiko wazi."

"Dada, niko huku!" msusi aliita kutoka chumbani. Akatoka ameshika ukuta. Uso ulikuwa umevimba hata macho yamekuwa madogo.

Mhudumu akamkalisha, akampima presha. Akapima tena. Kisha akamgeukia seremala.

"Presha imepanda sana. Kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba: hizi ni dalili za hatari. Mjamzito akiona hata moja, aende kutibiwa hapo hapo. Asisubiri zamu wala simu. Akichelewa, anaweza kupata kifafa cha mimba. Anaweza kufa, yeye na mtoto."

Seremala akalitazama sanduku lake la vifaa. "Mimi nilikuwa na... ile sauti ya mkunga..."

"Wivu?"

"Ndiyo."

"Wivu ni wako, pambana nao mwenyewe. Lakini kumnyang'anya mke simu na kumzuia kutibiwa ni ukatili. Haki yake ya matibabu haikufungwa pamoja na karakana. Wala hahitaji ruhusa yako. Haya, simu iko wapi?"

Seremala akafungua sanduku, akaitoa simu. Mhudumu akaita gari la wagonjwa.

Njia nzima seremala aliomba mkunga awe mzee kibogoyo. Wapi! Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, meno meupe. Roho ikamuuma upya. Lakini mkunga hakumtazama. Alimwinamia msusi.

"Dada, nitakupa dawa ya kushusha presha na ya kuzuia kifafa. Unakubali? Na ungependa nani akae nawe?"

Msusi alimtazama mumewe kidogo.

"Huyu dada," akasema, akamshika mhudumu mkono.

Mlango ukafungwa. Seremala akakaa nje, sasa akimwonea wivu hata mhudumu.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Mama yake akapona. Seremala alipoingia kuwaona, machozi yalimtangulia.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nilikuwa nakufa, wewe unafikiria mwanamume," alisema msusi. "Sikiliza. Simu yangu haiguswi. Kliniki naenda. Wivu ukikupanda, uniambie kwa mdomo, usinifungie mlango."

"Na nikishindwa?"

"Nitarudi kwa mama. Na mhudumu ameshanionyesha pa kushtaki."

Seremala alijua mkewe hatanii.

Karakana zilipofunguliwa, alitengeneza viti vya mtu mmoja mmoja, ili wajawazito wasubiri kituoni bila kubanana. Siku ya kuvipeleka, msusi naye alikuwa amemleta mtoto kliniki. Seremala akamkuta akiongea na mkunga, wote wawili wanacheka hadi machozi. Akaweka kiti chini, akamsogelea mkewe.

"Mke wangu," alinong'ona, "nimeona wivu."

"Asante kwa kuniambia," alisema msusi. "Haya, mshike mtoto. Bado sijamaliza kuongea."