Nyota Chini ya Kifuniko

Kamera zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa zimefunikwa. Kwa hiyo kitone kile cheupe hakikutakiwa kuwepo.

Ilikuwa asubuhi ya Julai, mwaka 2003, katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na lango la Bandari ya Mtwara. Mwalimu Erasto Mgaya, aliyefundisha fizikia katika shule ya sekondari mjini, alikuwa amekuja na kompyuta ndogo ya shule kwapani. Wafadhili walikuwa wameleta kamera mbili za kufungwa kwenye darubini, moja ya shule yake na nyingine ya shule ya Masasi, na barua ilisema atakayetangulia ndiye atakayechagua. Erasto alikuwa amefika hata kabla mlango haujafunguliwa.

Ya kwanza ilikuwa kamera ya sayari. Hiyo ilipiga picha mia kadhaa kwa haraka, kisha mtu akakaa kuzichambua zile safi, kama anavyochambua mchele. Ya pili haikupiga picha ya kumwonyesha mtu. Kazi yake ilikuwa kukodolea macho nyota moja tu na kuiamuru mota ya darubini isogee kidogo huku, kidogo kule, ili nyota hiyo isiponyoke. Wanafunzi wake Erasto aliwafundisha kuiita kazi hiyo kufunga nyota. Huko kwao Njombe alikokulia, maneno hayo hayakumtia mtu hofu kama hapa pwani, ambako kumfunga mtu nyota ni kumroga.

Namna ya kuzijaribu ni kuzifunika, kisha kutazama kwenye kompyuta kama giza lake ni safi. Ya kwanza ilionyesha giza tupu. Ya pili ilionyesha giza lenye kitone kimoja katikati, kidogo kama punje ya chumvi.

"Nini hiyo?" aliuliza Hemedi, karani wa ofisi, akiinama mezani.

"Kitone kibovu tu, Bwana Hemedi. Kila kamera ina vyake. Kikipata joto kinawaka."

"Mbona kinapepesa?"

Erasto aligusa kifuniko kuona kama kimekaza. Hemedi alikuwa mtu wa kijiji cha Ziwani, na siku za Alhamisi baada ya kazi aliwasomea dua watu waliosumbuliwa na mambo yasiyotibika hospitali. Alikitazama kitone kile kwa muda mrefu, kisha akajivuta nyuma.

"Mwalimu, chukua ile yenye giza. Ile inatazama halafu inaacha. Hii imeshampata wa kumtazama."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa miwani. Mwaka ule Mirihi ilikuwa inaisogelea dunia kuliko wakati wowote unaokumbukwa, na wanafunzi walikuwa wakiisubiri kwa hamu. Mtu mwenye akili zake angechukua kamera ya sayari. Lakini Erasto alitaka makubwa zaidi. Alitaka kupiga picha ya saa nzima ya mawingu ya nyota ya upande wa kusini, na bila kamera ya kushika nyota picha ya namna hiyo hutoka ukungu mtupu. Sikio la kufa halisikii dawa. Akatia sahihi na kuondoka na ile ya pili.

Nyumbani kwake, Shangani, mkewe Rozalia alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikuwa na miaka saba ya ndoa, na mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo. Kwa hiyo safari hii furaha iliwazidi, wakampa mtoto jina angali tumboni: Mikaeli, jina la marehemu baba yake Erasto. Rozalia alikwishaanza kumwita mumewe Baba Mikaeli, hata mbele ya wageni.

Bi Somoe, jirani yao, mkunga wa miaka mingi, hakulipenda jambo hilo.

"Mwanangu, wa tumboni haitwi," alimwambia Rozalia. "Ukimwita kabla hajafika, ataitika nani?"

Rozalia alicheka, akamkaribisha chai.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa katikati ya Agosti, baada tu ya chakula cha jioni. Erasto aliisimamisha darubini nyuma ya nyumba, akaiunganisha kamera na kompyuta, na Rozalia akakaa mkekani, amenyoosha miguu iliyovimba. Programu ikachora kisanduku cha kijani kuizunguka nyota iliyong'aa kuliko zote, na mota ikaanza kulia taratibu: ti, ti, ti.

"Umeifunga?" Rozalia aliuliza.

"Nimeifunga."

"Inaitwaje?"

Moyo wa Erasto ulikuwa umejaa raha. "Mikaeli," alisema. "Jina jema hung'ara gizani. Nimemfunga Mikaeli wetu, haendi popote."

Wakacheka wote wawili. Baadaye, alipotaka kuanua vyombo, aliweka kifuniko kwenye darubini na kutupia jicho kompyuta. Mbingu ilikuwa imefunikwa, nyota zote zimepotea, lakini kisanduku cha kijani kilikuwa palepale na ndani yake kitone kilikuwa kinapepesa. Jioni nzima alikuwa amefunga kitu ambacho hakikuwa mbinguni. Alijicheka kwa kosa ambalo angemchapia mwanafunzi, akaenda kulala. Ndiyo mdharau mwiba, mguu huota tende.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu kali ya maganda ya korosho yanayoungua, ile inayokereketa koo na kutoa machozi, na ilikuja kila jioni ingawa hakuna jirani aliyewasha moto. Kisha ikaja ile sauti. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, waya wa darubini umechomolewa na kuviringishwa, na bado kutoka nyuma ya nyumba ilisikika ti, ti, ti.

"Baba Mikaeli, unasikia?"

"Panya hao."

"Panya wanakwenda kwa kuhesabu?"

Asubuhi Erasto alikuta darubini imeinama. Aliiacha ikitazama juu, akaikuta imeshuka usawa wa paa la jirani. Akazikaza skrubu zote. Siku ya pili ilikuwa usawa wa mnazi. Ya tatu, usawa wa ukuta. Nyota zote huzama magharibi, na yeye hilo alilifundisha kila mwaka, lakini darubini hii ilikuwa inageukia mashariki, kidogo kidogo, ikifuata kitu chake kinachoshuka bila haraka, na asubuhi ya tisa alipotoka na mswaki mdomoni aliikuta imenyooka kabisa, imetulia, inatazama dirisha la chumba walichokuwa wakilala yeye na mkewe.

Aliifungia kamera ndani ya sanduku la bati, sanduku akalisukuma stoo. Hakumwambia Rozalia kitu. Usiku huo Rozalia ndiye aliyemwambia.

"Zamani nikimwita Mikaeli, alikuwa anacheza," alinong'ona, mkono tumboni. "Siku hizi nikimwita, wa tumboni anatulia tuli. Anayegonga ni wa dirishani."

Erasto aliogopa, na aliona haya kuogopa. Mtu aliyewaambia watoto wa watu kwamba radi ni umeme tu angeanzia wapi kusema kuwa anaogopa kitone?

Septemba iliingia, tarehe ya kujifungua ikapita. Hospitali walimpima, wakasema mtoto yuko hai, amekaa vizuri, wasubiri. Uchungu ulikuja mara ya kwanza na kukatika. Ukaja mara ya pili na kukatika. Ulipokuja mara ya tatu, alasiri moja, Bi Somoe aliitwa, na Erasto akasimama mlangoni akisikiliza. Na kila uchungu ulipopanda, kila Rozalia aliposhika chaga za kitanda na kuuma khanga, kutoka stoo, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, kulisikika ti, ti, ti, na uchungu ukarudi nyuma kama mtu aliyevutwa shati, na Rozalia akabaki anahema, midomo imemkauka, anamtazama mumewe kwa macho ya kuuliza.

Bi Somoe alitoka akijifuta mikono. Alimvuta Erasto pembeni.

"Gari lije, apelekwe hospitali. Lakini nakwambia kweli, mwanangu, hata huko hatazaa. Kafungwa huyu. Nani kamfunga?"

Erasto aligeuka kuutazama mlango wa stoo. Neno lilikuwa lake. Alilisema kwa mdomo wake, akicheka, na jina akalitaja.

Hakungoja gari. Alikimbia mpaka bandarini, akamkuta Hemedi anafunga ofisi, akamweleza kila kitu pale pale barabarani, malori yakipita. Hemedi hakusema nilikwambia. Alichukua kofia yake tu, wakaja.

Gari lilikuwa halijafika bado, na stoo ilikuwa inanuka korosho za kuungua hata machozi yakawatoka. Hemedi alianza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, na Erasto akafungua kufuli. Kompyuta, aliyoiacha kabatini, ilikuwa ndani ya sanduku pamoja na kamera, imewaka, bila waya. Kisanduku cha kijani kilikuwa palepale. Kitone hakikuwa tena punje ya chumvi. Kilikuwa kikubwa kama sarafu, na kilipepesa polepole, kama jicho la mtu asiye na wasiwasi wa kusubiri.

"Anataka nini?" Erasto alinong'ona.

"Hataki kitu. Ulimpa jina, ukampa na mama. Anasubiri zamu yake ya kuzaliwa."

"Mtoe, Bwana Hemedi. Nakuomba."

"Mimi nitasoma tu. Aliyefunga ndiye afunguaye. Ila nisikilize vizuri. Usimnyang'anye jina. Akitoka mikono mitupu, atarudi kudai. Mwachie aondoke nalo. Na likishakuwa lake, lisitajwe tena kwenye familia yako. Kulitaja ni kumwita, na huyu ukimwita anakuja."

Erasto alilia. Lile lilikuwa jina la mtu aliyelima viazi vya watu kwa jembe la mkono ili yeye asome, na sasa alikuwa anampa jini stoo, kama anayegawa nguo kuukuu. Chumba cha pili Rozalia alipiga ukelele mmoja, ukakatika.

"Nakufungua," alisema, kidole kwenye kitufe. "Jina nililokupa, Mikaeli, nenda nalo. Mtoto niachie."

Alibonyeza. Kitone kilizimika. Kitu kilipita kati yao wawili kuelekea mlangoni, chenye joto, na kofia ya Hemedi ikaanguka. Na kabla hajaiokota, mtoto alilia.

"Wa kike!" Bi Somoe alipaza sauti. "Wa kike, mzima!"

Walimwita Rebeka. Hemedi aliichukua kamera, akaidondosha pale maji ya bandari yalipo na kina kirefu. Erasto alimshukuru kwa mikono miwili na kumwomba siri. Alikuwa mwalimu, mjumbe wa kamati ya parokia; angewaambiaje watu kwamba alisomewa dua stoo? Hata Rozalia hakumwambia. Aliona, maadamu mtoto ni wa kike, jina lile litajifia lenyewe.

Siku arobaini zilitimia mwanzoni mwa Novemba. Rozalia alitoka na mtoto kwa mara ya kwanza, Jumapili ya kuwaombea marehemu, amemvika gauni jeupe. Kanisa lilikuwa limejaa. Katekista Kasiani alisimama na bahasha za waumini, akaanza kusoma majina ya marehemu wao, moja moja. Erasto alikuwa anamchezea Rebeka vidole, hakuwa anasikiliza.

Rozalia alimgusa kiwiko, akatabasamu. "Na la baba nimeliandika," alinong'ona. "Nilijua utasahau."

"Rozalia, umeandika nini?"

"Mikaeli Mgaya," alisoma Katekista.

Kanisa lilinyamaza, kama lilivyonyamaza baada ya kila jina. Rebeka, mwenye siku arobaini na moja, aliacha kunyonya, akageuza shingo ambayo ilikuwa bado haijakaza, akamtazama baba yake.

"Naam," alisema.

Erasto alivuta kitenge, akamfunika uso haraka kabla watu hawajageuka. Rozalia alikuwa ameshika mdomo. Katekista aliendelea na jina linalofuata. Na chini ya kitenge kile, kizito, kilichokunjwa mara mbili, kitone kidogo cheupe kilikuwa kinapepesa.