Sekunde Tano za Dirisha la Tatu

Ulikuwepo. Usijitie hamnazo. Saa nne asubuhi, ukumbi wa kuandikisha wagonjwa, foleni ya dirisha la tatu, mtu wa saba ulikuwa wewe. Mama mmoja mwenye koti la kijivu aliambiwa si mwanachama wa bima. Akaifunga kadi yake kwenye leso, akaondoka akishika ukuta. Ulimwona. Ukainamia simu yako kana kwamba riziki yako imo humo. Na kwa kuwa habari za mitambo zinakuchosha, nitakupa mapenzi. Mapenzi unayasikiliza.

Walikutana ukumbi huohuo, miezi minane kabla. Aliyekaa nyuma ya kioo alivaa sare ya buluu iliyofuliwa hadi ikapauka, na kitambaa cha kichwani cha rangi ya machungwa ambacho msimamizi alikwisha kukikataza mara mbili. Aliyesimama nje alikuwa fundi wa programu, kompyuta kwapani, shati limepigwa pasi mbele tu.

"Kaka, foleni inaanzia mlangoni."

"Siumwi, dada. Nimekuja kuitibu mashine yako."

"Wa mwisho kuitibu aliiacha imezimia."

"Mimi mikono yangu ina baraka. Nisogezee kiti."

"Kiti ni kimoja, na nimekikalia."

"Basi nitapiga magoti."

"Mapema hivyo?"

Foleni nzima ikacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kurasa za hospitali zilijengwa juu ya kiunzi chepesi cha mtandao: mbao chache, misumari michache, unabonyeza na jibu limefika. Fundi alijifundisha kiunzi hicho mwenyewe, kwenye kompyuta ya kuazima isiyo na herufi R. Lakini mtambo wa shirika la bima ulikuwa mzito, wa mashirika makubwa. Haujibu mpaka swali litiwe ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya bahasha, na muhuri juu, kama barua ya kwenda kwa mfalme. Kwa miezi miwili fundi alikaa nyuma ya dirisha la tatu akiandika programu, mkalimani wa kuwapatanisha hao wawili. Jinsi alivyojisifia wepesi wa kiunzi chake, dada wa dirishani akambandika jina: Mwepesi. Naye akaitwa Dirisha. Kazi ilipokwisha, simu zikaanza.

"Umekula, Dirisha?"

"Nimekula foleni. Watu mia mbili na kumi."

"Na mkalimani wangu?"

"Kasuku mtupu! Naweka namba ya kadi, kijani. Naweka namba, kijani. Nikakukumbuka."

"Kwa kasi yake?"

"Kwa kelele zake."

"Haya. Mama anauliza lini atakuona."

"Mama anajua kwamba sijui kupika?"

"Anajua. Kasema utakaa, atapika yeye."

"Huyo ndiye wa kuolewa naye, siyo wewe."

Walipanga Jumapili tatu, na mara zote tatu Dirisha akabadilishiwa zamu. Hawakuonana.

Kisha hospitali zote zikaunganishwa na mtambo ule mzito. Ikifika saa nne asubuhi zote huuliza kwa pamoja, na mtambo unakwama koo. Mkalimani wa Mwepesi aliwekewa kungoja sekunde tano tu, kisha akate. Akikata, aandike nini? Mwepesi alikwenda kwa meneja wake.

"Bosi, tuweke rangi ya njano. Iandike 'haijulikani', wa dirishani aulize tena."

"Bwana mdogo, mkataba una rangi mbili: kijani ni mwanachama, nyekundu si mwanachama. Njano italeta foleni. Usipojibiwa, weka nyekundu."

"Lakini kimya si hapana."

"Kwangu mimi ni hapana. Andika."

Akaandika. Mstari mmoja tu. Kwa aibu, hakumwambia Dirisha. Alijiapiza kwamba ataurekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo! Kuna makaburi ya watu yamejaa wiki ijayo.

Sasa nirudi kwa yule mama wa koti la kijivu, uliyemkwepa kwa macho. Alifuata dawa za presha. Kioo cha kompyuta kikawaka nyekundu.

"Mama, hapa panaonyesha wewe si mwanachama."

"Mwanangu ndiye aliyeniandikisha."

"Pole, mama. Anayefuata!"

Siku ya tano mshipa ulimpasuka kichwani. Siku ya maziko mama mdogo alimvuta Mwepesi pembeni, nyuma ya turubai.

"Dada yangu aliambiwa si mwanachama. Alidhani umefukuzwa kazi, unamficha. Akaona haya kukuuliza."

"Dirisha gani?"

"Baba, dirisha lina kazi gani sasa?"

"Dirisha gani, mama?"

"La tatu."

Akapiga simu hukohuko, udongo ungali viatuni.

"Ulimfukuza mama yangu."

"Mama yako? Mpenzi, mimi mama yako simjui."

"Koti la kijivu."

Dirisha alimkumbuka. Aliikumbuka hata leso.

"Hukumtazama usoni?"

"Nilitazama kioo, Mwepesi. Ulichonipa wewe."

Mwepesi akamkatia.

Dirisha alilia katika chumba cha fomu, akapangusa uso kwa kile kitambaa cha machungwa, akarudi kazini. Mwepesi alikwisha kumwonyesha ukurasa ambamo mkalimani huandika kila alichofanya, saa kwa saa. Dirisha akaufungua, akatafuta namba ya yule mama. *Sekunde tano. Hakuna jibu. Nyekundu.* Akasoma juu, akasoma chini. Mwezi ule peke yake, watu mia nne na kumi na wawili walikatwa hivyohivyo. Akainua simu.

"Nyekundu ile haikuwa hapana. Haikuwa chochote. Nani aliandika mstari huu?"

Mwepesi akaanza kueleza habari za mtambo wa bima.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi."

"Ukaniacha niwatamkie watu kwa mdomo wangu."

"Dirisha..."

Safari hii aliyekata ni yeye.

Kwa wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Lakini asubuhi moja, kwenye kompyuta ya dirisha la tatu, pakawaka rangi isiyopata kuonekana: njano. *Haijulikani. Uliza tena.* Mwepesi aliipenyeza bila ruhusa ya mtu. Ilidumu siku tisa. Meneja akaigundua, akamnyang'anya kitambulisho mbele ya wenzake, akairudisha nyekundu yake. Hapo Dirisha akagoma kuitii. Kila nyekundu aliuliza mara tatu, foleni yake ikafika getini, wakamhamishia stoo ya mashuka.

Mwepesi alimngoja getini jioni moja ya manyunyu. Shati lilelile, safari hii halikupigwa pasi popote. Dirisha alitoka amejifunga kitambaa cheusi.

"Nimefukuzwa," Mwepesi alisema.

"Nimesikia. Mimi nakunja mashuka."

"Sikuja kujitetea."

"Afadhali, maana huna cha kujitetea. Na mimi sina."

"Nimekuja kukuuliza. Utakubali nikuoe?"

Dirisha aliangalia maji yakichuruzika kwenye ukuta wa hospitali. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Mwepesi akatikisa kichwa taratibu, akageuka kuondoka.

"Wewe!" Sauti ilimpasuka. "Mama yako amekufa kwa hilo, na bado hujajifunza? Uliza tena!"

Akarudi. Akauliza tena.

"Ndiyo," akasema Dirisha. "Lakini nipeleke kwa mama kwanza. Alitaka kuniona."

Wakaenda makaburini kwa miguu, kila mmoja na upande wake wa barabara. Mikono walishikana waliporudi.

Umefurahi? Usifurahi. Mstari ule bado upo, na mtu wa saba kwenye foleni bado ni wewe. Hujui kuandika programu? Hukuombwa. Una mdomo. Kuna mtu yuko mbele yako sasa hivi, anafunga kadi kwenye leso. Weka simu mfukoni, inua kichwa, sema kwa sauti ukumbi mzima usikie: "Uliza tena!" Wasipouliza, usisogee. Sema sasa, kabla hajafika mlangoni.