Wino wa Kasuku

Kuna majini wanaosubiri giza liingie, na kuna wasio na haja nalo. Huyu alikuja saa saba mchana, jua likiwa utosini. Mchora mabango alikuwa barazani kwake akimalizia herufi ya mwisho ya bango la kinyozi, simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe wa sauti ulikuwa umeingia kwenye kundi la wapangaji wa nyumba ile. Alipotazama aliyeutuma, brashi ilimponyoka.

Aliyetuma alikuwa fundi bomba wa chumba cha nne. Na fundi bomba walikwishamzika miezi miwili iliyopita. Mchora mabango mwenyewe ndiye aliyeliandika jina lake kwenye kibao cha kaburi.

Alikwenda kumuuliza mjane. Mjane akafungua kabati, akamwonyesha simu ya marehemu imelala chini ya mashati, haina chaji wala laini; na kwenye simu yake mwenyewe kundi halikuwa na ujumbe wowote mpya.

"Shemeji, jua la leo si la mchezo," alimwambia kwa upole. "Kanywe maji ulale kidogo."

Mwenye akili zake angeufuta ujumbe ule. Mchora mabango alirudi chumbani, akafunga mlango, akausikiliza. Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu anayekutakia mema. Ilisema wako wakubwa saba wa dunia wasioonekana sura, hukutana kila mwaka kuwahesabu watu na kila mwaka huona wamezidi, na kwamba chanjo itakayopita mlango kwa mlango juma lijalo ndiyo njia yao ya kupunguza. Nyuma ya maneno yale kulikuwa na mtu mwingine anayevuta pumzi kwa shida. Chumba kikanuka utamu uliooza, kama maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni.

"Wengine wamelala," sauti ilimaliza. "Wewe unaona."

Nani asiyependa kuambiwa hivyo? Miaka ishirini alikuwa akiandika maneno ya watu wengine, ya vinyozi na ya wauza nyama, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anaonaje. Akaurekodi upya ujumbe ule kwa sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, akawatumia majirani.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita, wakimwita Kasuku kwa sababu neno likisemwa ndani, kabla chungu hakijachemka limefika kwa jirani. Mkewe, ambaye alikuwa dobi, alizoea kusema kwamba nyumba yao haihitaji redio. Kasuku alikuwa roho ya baba yake. Mchora mabango hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumhofia asije akadhurika, na ndiyo maana ile sauti ilipata pa kumshikia.

Siku ya chanjo mama alikuwa kazini. Wanawake wawili wa chanjo walianza mtaa wa juu, na kila mtoto waliyemchanja walimpaka wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, asije akachanjwa mara mbili. Mchora mabango aliutazama wino ule akacheka. Kalamu za wino kama ule alikuwa nazo kopo zima. Alimkalisha Kasuku juu ya ndoo ya rangi, akampaka kidole, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa wa fundi, wino wake ulikaa vizuri kuliko wao.

"Baba, mbona sijachomwa?"

"Ndiyo umeshachomwa hivyo. Ila usimwambie mama."

Majirani waliokuwa wamesikia sauti yake walimletea wa kwao. Sita aliwapaka siku ile, huku wakitaniana kwamba leo wakubwa saba wamepatikana. Wanawake wa chanjo walipofika, waliviona vidole, wakashukuru, wakapita.

Jioni mama aliushika mkono wa mwanawe akaubusu. "Alilia?"

"Hata kidogo," alijibu mumewe.

Na Kasuku, aliyekuwa hajawahi kutunza siri maishani mwake, hii aliitunza.

Juma la tatu sauti ya mtoto ilikwaruza. Kesho yake ilikuwa mnong'ono. Siku iliyofuata mama alimwinamia amnyweshe uji, akarudi nyuma kidogo, akasema mdomo wa mtoto una harufu. Mchora mabango alisogea, akaivuta, akaijua. Ilikuwa ile ya maji ya maua.

Hospitalini daktari alimulika koo, akakunja uso. "Mtaa wa pili tumepata dondakoo. Huyu alichanjwa?"

Mama akakiinua kile kidole kwa fahari ya mama aliyetimiza wajibu wake, akasema si huu hapa wino, daktari, na mchora mabango aliyekuwa amekaa pembeni yake alifungua mdomo aseme, alikuwa nalo neno kabisa ulimini, lakini hapo hapo mtu akamwinamia sikioni kutoka nyuma ambako palikuwa na ukuta mtupu, akamwambia kwa upole ule ule kwamba akisema mkewe atamwacha, kwamba mafindofindo humpata kila mtoto, kwamba mwenye kuona hasemi mbele ya waliolala, na kabla hajajua kama anatii au anaogopa tu, daktari alikuwa ameshaandika dawa ya mafindofindo na mama ameshambeba mtoto mgongoni.

Siku mbili zilipotea hivyo. Walipomrudisha, koo lilikuwa limeziba utando wa kijivu, na dawa yenyewe ya dondakoo ilipopatikana haikuwa na la kufanya. Kasuku alifariki asubuhi, mkono wa kushoto ukiwa mkononi mwa baba yake. Majuto ni mjukuu, watu husema. Kwake hayakuchelewa hivyo.

Siku ya saba baada ya maziko, saa saba mchana, simu ililia. Aliiweka sikioni, na aliyezungumza alikuwa Kasuku mwenyewe, na sauti yake nzima, ile ya kabla ya kukwaruza.

"Baba, si wewe. Ni wale wakubwa. Waambie watu ni wale wakubwa, nami nitakuja kila siku."

Alilia mpaka shati likalowa. Tena na tena aliisikiliza, kila siku mchana, mlango umefungwa, na kila mara sauti ilimwomba aisambaze.

Harufu ndiyo iliyomfichua. Mkewe aliisikia chumbani, akamwita mama yake mkubwa, mpunga majini wa siku nyingi. Bibi yule aliingia na ubani wake, akanusa, wala hakuuwasha.

"Mwanangu, huyu simwezi," alisema taratibu. "Jini ninayempunga mimi ana kiti kimoja, mtu mmoja tu wa kumpanda. Huyu kila anayempokea na kumpeleka kwa mwingine ni kiti chake. Mumeo ndiye aliyemfungulia, na anajua alimfungulia kwa neno gani. Aliseme, atamtoka."

"Nikisema," aliuliza mchora mabango, "na sauti yake itakwenda?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Itakwenda, baba. Haikuwa yake."

Aliisikiliza mara moja ya mwisho. Kisha akasema yote: kalamu, ndoo ya rangi, vidole sita, lile neno lililomfia mdomoni. Alipomaliza, simu ilikuwa tupu na chumba kilinuka rangi tu.

Mkewe hakupiga kelele. "Nilikiinua kile kidole," alisema, "nawe umekaa pembeni yangu." Akakunja kanga aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena. "Nenda kwa wale sita. Halafu usirudi humu."

Alikwenda. Mlango wa kwanza alitukanwa, wa pili alipigwa kofi, wa tatu mama alimbeba mtoto akakimbia naye zahanati hata viatu hajavaa. Wa nne na wa tano walimsikiliza wakilia. Kila alipotubu alijiona mwepesi, na kila alipojiona mwepesi alimkosa Kasuku zaidi.

Mlango wa sita ulikuwa umefungwa. Akabisha.

"Ondoka," mama wa mle alinong'ona kutoka ndani. "Nimeshaambiwa utakuja. Nimeambiwa wamekununua."

"Nani kakwambia, dada?"

"Mwanao."

Nyuma ya ubao wa mlango akamsikia, mzima, mchangamfu, akieleza habari za wakubwa saba kama alivyokuwa akieleza habari zote za nyumbani kwao. Mkono wake uliganda hewani. Mungu amsamehe, alitega sikio; kwa muda mfupi hakutaka chochote zaidi ya kuisikia hadi mwisho.

Ndipo sauti ikanyamaza, na kule ndani mtoto wa jirani akakohoa. Harufu ya maji ya maua ikapenya chini ya mlango. Mchora mabango akabisha kwa mikono miwili.