Ajali ya Dalali Jelle

Maiti ilikuwa kando ya barabara iendayo Dadaab, nje kidogo ya mji wa Garissa, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Mchungaji aliyeiona alisimama mbali na mbuzi wake, akisoma dua kwa sauti ya chini.

"Lori, afande," alisema Sajini Abdihafid. "Limemgonga, likaenda zake. Kifua kimevunjika, mguu umevunjika. Namjua huyu. Ni Jelle, dalali wa ngamia pale soko la mifugo."

Inspekta Komora alisogea karibu na maiti. Alichuchumaa kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Alama ya tairi ilipita juu ya kanzu ya marehemu, wazi kabisa. Lakini damu haikuwepo. Si kwenye lami, si kwenye mchanga.

"Viatu vyake viko wapi?"

"Labda vimerukia vichakani, afande."

"Basi vitafuteni."

Askari walipekua vichaka vya pande zote mbili wakatoka mikono mitupu. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera Komora. Mtu aliyegongwa na lori hutupwa hovyo. Huyu alilala kwa ubavu wa kulia, miguu imenyooshwa pamoja, uso umeelekea kaskazini, ambako watu wa Garissa huelekea wanaposali. Macho yamefumbwa. Mdomo umefumbwa.

Komora alikuwa Mpokomo wa Tana ya juu, Mwislamu, na mikono yake ilikuwa imeosha maiti ya baba yake na ya kaka zake wawili. Alisimama, akajipangusa vumbi.

"Abdihafid, aliyemwacha huyu hapa amemlaza kama mtu anavyolazwa kaburini."

"Wako madereva wenye imani, afande."

"Wenye imani, wasio na haraka?"

Sajini akaenda kuita gari la kubebea maiti.

Katika chumba cha maiti, Daktari Ruweyda hakuchukua muda mrefu. "Majeraha haya aliyapata akiwa amekwisha kufa," alisema. "Mtu aliye hai akivunjwa kifua, damu huvilia ndani ya nyama. Hapa haikuvilia. Tena damu imetuama mgongoni, maana yake alilala chali saa nyingi kabla ya kugeuzwa ubavu."

"Na hii alama chini ya kidevu?"

"Kitambaa. Alifungwa taya. Vidole gumba vya miguu navyo vilifungwa pamoja, kisha vikafunguliwa." Aliinua mkono wa kushoto wa marehemu, akaonyesha mshipa uliovimba kama kamba. "Mshipa huu ulitengenezwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Figo zake zilikuwa zimekufa."

"Ndizo zilizomuua?"

"Huenda. Huenda pia mtu alimbana pumzi. Siwezi kuapa mpaka nimfungue."

Nje, wazee wa ukoo walikuwa wamejaa langoni. Walitaka maiti yao izikwe kabla ya alasiri. Mmoja alimnyooshea Komora bakora. "Wewe Mwislamu gani, unamweka maiti kama nyama ya duka?"

Komora aliinamisha kichwa, akapita. Neno lile lilimchoma.

Abshiro, mke wa Jelle, aliketi kwenye kivuli cha ukuta, kitoto kimemlalia mapajani.

"Pole sana, mama. Jana mumeo alikuwa wapi?"

"Hospitali. Ilikuwa siku yake ya mashine. Akitoka huko miguu haimbebi, hupumzika kwa abowe Rage, kaka yake mkubwa, kwenye ghala la nyasi za mifugo."

"Ulizungumza naye?"

"Na Rage. Alinipigia simu baada ya magharibi. Alisema Jelle amelala, nisimsumbue." Alifuta macho kwa ncha ya shela. "Sasa kwa nini alikwenda kutembea barabarani, afande? Yeye hata chooni alikuwa anashikwa mkono."

"Alikuwa na bima?"

"Alikuwa akienda kwa Aweys. Mimi hakunieleza mambo hayo."

Aweys, wakala wa bima, alikuwa na ofisi finyu juu ya duka la vitambaa. "Masheikh wengine huniita mchuuzi wa vifo," alisema akicheka peke yake. Kicheko kilikatika aliposikia jina la Jelle.

"Alitaka bima ya maisha," alieleza. "Kampuni ikataka apimwe. Damu, mkojo, presha. Ikamwambia atalipa mara nne ya mtu mwenye afya njema. Alipokuwa bado anahangaika, figo zikazidi, akaingia kwenye mashine. Aliporudi wakamkataa kabisa."

"Akafanya nini?"

"Akachukua bima ya ajali. Hiyo ni nafuu, haiulizi figo. Nilimwambia, Jelle, hii inalipa ukigongwa, ukianguka, ukiungua. Ukifa kwa ugonjwa hailipi hata sanda."

"Hakukuwa na njia nyingine?"

Aweys alijikuna kichwa. "Ilikuwepo, na ndiyo inayoniuma. Chama cha madalali pale sokoni kina bima ya kikundi. Wanachanga kidogo kidogo, hakuna anayepimwa wala kuulizwa. Nilimsihi ajiunge."

"Akasemaje?"

"Akasema wenzake watashangaa. Jelle aliyekwepa michango yao miaka yote, leo anakimbilia bima ya kifo? Watachunguza, watajua. Na nani atamkabidhi ngamia wake dalali ambaye kesho hayupo? Alinikataza hata kumtajia kaka yake."

Komora alishuka ngazi polepole. Abdihafid alimfuata.

Ghala la Rage lilikuwa nyuma ya soko. Mwenyewe, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa akifunga matita ya nyasi bila kuyatazama. Pikapu yake iliegeshwa mlangoni, safi kama yai.

"Gari linang'aa, Mzee Rage," alisema Komora. "Unaoa?"

"Ilikuwa na vumbi."

"Vumbi la Garissa halikuanza leo. Jelle alitoka hapa lini?"

"Asubuhi mapema. Alisema anataka kunyoosha miguu."

"Bila viatu?"

Rage alitupa jicho kwenye kona. Abdihafid aliliona jicho hilo. Alikwenda, akainua mkeka, akatoka na makubadhi.

"Ya nani haya, adeer?" aliuliza, akimwita ami kwa heshima.

Rage alivuta kamba ya tita, akaikaza.

"Mzee Rage," Komora alisema taratibu, "daktari hajui kama nduguyo alikufa mwenyewe au aliuawa. Itabidi amfungue. Kutoka hapa mpaka hapa." Alijipitisha kidole kutoka kooni hadi kitovuni.

"Maya!" Rage alipiga kelele, kwa Kisomali, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Hapana, afande! Wallahi msimkate. Inatosha mimi nilivyomfanya."

Akaketi juu ya tita la nyasi.

"Alikufa hapa, jana jioni. Aliomba maji. Nilipogeuka na kikombe, amekwenda. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu, nikamfunga vidole. Mkono inajua hiyo kazi. Ndiyo nikakumbuka nilimwapia."

"Ulimwapia nini?"

"Alisema, nikifa kitandani, Abshiro na watoto hawapati kitu. Nikifa barabarani, wanapata. Nipeleke barabarani, abowe. Nikakataa. Akalia. Mimi nililea huyu mtoto tangu mama yetu amekufa, sijawahi kumwona analia. Nikamwapia."

"Ukamkanyaga kwa gari."

"Mara ya kwanza nilishindwa. Nikashuka, nikatapika. Mara ya pili nikafumba macho."

"Kisha ukamwelekeza kibla."

"Wewe ungemwacha vile alivyoanguka? Kama ni wako?"

Komora alitazama pembeni. "Abshiro alijua?"

"Hajui. Mwache huyo mama." Rage alijifuta uso kwa kiganja. "Hiyo ugonjwa ilimfungia mlango zote. Alizunguka bima zote, zote zikamkataa."

"Zote?" Abdihafid alidakia.

"Zote. Jelle hakunidanganya hata siku moja."

Sajini alimgeukia mkubwa wake. Komora alitikisa kichwa kidogo tu. Neno la bima ya kikundi likaishia hapo.

Daktari Ruweyda alilinganisha maelezo hayo na taarifa za wauguzi wa mashine, akatia saini kwamba figo ndizo zilizoua. Hakumfungua. Jelle alizikwa alasiri ileile. Langoni pa makaburi Abdihafid aliuliza kuhusu pingu za Rage.

"Mfungue," alisema Komora. "Ni kaka yake. Nani mwingine atamshusha?"

Rage alishuka kaburini, akampokea ndugu yake kwa mikono miwili, akamlaza. Watu walipomaliza kufukia na kuondoka, alikuja mwenyewe hadi kwa Inspekta, udongo umemjaa mpaka kwenye ndevu.

"Mimi nitafungwa. Hiyo najua. Niambie moja tu, afande. Abshiro watampa?"

"Hapana, mzee wangu. Hawatampa."

Rage alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Basi nilimkanyaga bure," alisema, akanyoosha mikono ifungwe.